Dola ikipanda faida ni yao, ikishuka tunakatwa sisi: vibarua wa viwanda vya sangara Mwanza tumechoka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi.

Mimi ni mkata minofu. Huu mwaka wa 7 nipo kwenye viwanda vya sangara hapa Mwanza na sijawahi kusaini mkataba, nina kadi ya kibarua tu. Saa nane usiku simu inaita, msimamizi anasema mzigo wa samaki umeingia kutoka visiwa vya ziwani. Natoka Igoma gizani kwa bodaboda, navaa gambuti, nashika kisu, nasimama kwenye maji ya barafu mpaka vidole vinakufa ganzi. Siku nyingine unafika getini unaambiwa gari halijaja, rudini. Nauli imeshakwenda na hakuna wa kukurudishia.

Sasa sikieni kinachonichoma.

Mnofu ninaoukata hauliwi Kirumba. Unakwenda Ulaya, na huko unalipiwa kwa dola na yuro. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ikapita 2,600. Maana yake samaki yuleyule, kwa bei ileile ya dola, alimwingizia tajiri shilingi 300 zaidi kwenye kila dola. Mimi nilikuwa nalipwa elfu 8 kwa siku, nikaendelea na elfu 8 hiyohiyo, huku nauli na mafuta ya kupikia vimepanda. Tulipouliza tukajibiwa kwamba posho ya kibarua haipangwi kwa dola. Tukanyamaza. Mwisho wa 2024 shilingi ikapata nguvu, dola ikashuka chini ya 2,500. Tukaitwa uwanjani wote: soko gumu, dola imeshuka, zamu zinapunguzwa. Ilipopanda haikutuhusu. Iliposhuka ikawa ndiyo sababu ya sisi kulala njaa.

Na hii haikuanza jana. Mama yangu alichuna sangara kabla yangu. 1999 Ulaya ilifunga soko kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu, na vibarua wakaambiwa wakae nyumbani. Mama hakumwaga sumu ziwani. 2020 ikaja corona, ndege zikasimama, zamu hii nikakaa nyumbani mimi. Kila mara hasara ya huko mbali inasafiri mpaka kwenye sufuria ya kibarua, lakini faida inaishia ofisini.

Kuna mtu atakuja hapa kusema basi tuache kuuza nje. Hapana, sisemi hivyo. Bila soko la nje mtaa wangu usingekuwa na kazi kabisa. Ninachotaka ni mgao.

Halafu bondo, ule mfuko wa hewa wa sangara! Linakwenda China na Hong Kong, na kilo yake inaiacha mbali kilo ya mnofu. Sisi ndio tunalitoa tumboni mwa samaki kwa mikono yetu, na zamu ikiisha tunapekuliwa mpaka ndani ya nguo, wanawake wazima, mbele ya vijana wa umri wa watoto wetu.

Msiniambie sheria hakuna. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na anayefanya kazi usiku aongezewe asilimia 5. Mimi sijawahi kuiona hiyo 5. Ila kuna kifungu wenye viwanda wanakijua kuliko sisi: mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Ndiyo maana mwezi wa tano ukiisha tunaambiwa tupumzike wiki mbili, kisha tunapewa kadi mpya kana kwamba ndiyo siku ya kwanza. Nimepewa kadi mpya mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu.

Nimezitunza zote, na kwenye simu nimeandika tarehe za zamu za usiku. Nasikia malalamiko ya kuachishwa yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mimi sijaitwa kazini tangu wiki iliyopita. Kama humu kuna aliyewahi kwenda Tume akiwa kibarua wa siku, bila mkataba, na akasikilizwa, naomba aniambie alianzia dirisha gani na alibeba ushahidi gani.