Binti anataka kujitolea wiki 3 kwenye makao ya watoto Arusha: tukague nini?

MamaLeeds: Habari wakuu. Binti yangu ana miaka 19, kazaliwa Uingereza na pasipoti yake ni ya huko. Anataka kwenda kucheza na watoto yatima na kuwafundisha Kiingereza. Wakala anadai malipo yote mapema, anasema viza ya utalii inatosha. Ni kweli?

Kilombero: Haitoshi, dada. Kujitolea kwa kawaida kunahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na anayempokea lazima awe taasisi iliyosajiliwa inayomwombea. Wakala akisema "ukiulizwa uwanja wa ndege sema unakwenda mbugani", achaneni naye.

AfisaJamii: Makao nayo yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Omba namba yake, kisha mpigie afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika athibitishe. Uliza kama kila mtoto ana faili lenye barua ya ustawi au amri ya mahakama, majina ya ndugu, na mpango wa kumrudisha kwao. Hilo la ndugu lisipite juujuu. Wengi wanaoitwa yatima wana mzazi hai au bibi. Umaskini ndio uliowatoa nyumbani, na makao yanayoendeshwa kwa ada za wageni hayaoni faida kuwarudisha. Wakidai pia cheti cha polisi cha wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje (huko Uingereza hutolewa na ACRO, ofisi ya polisi ya rekodi za uhalifu), ni dalili njema. Wasipomkagua binti yako, hawamkagui yeyote.

Mlezi: Wiki 3 ndizo zinazonitia wasiwasi. Mtoto wa miaka 2 anayemrukia mgeni na kumng'ang'ania shingoni, mara nyingi hana mlezi mmoja aliyemzoea. Mgeni anambeba kutwa, Jumamosi haonekani tena, Jumatatu anakuja mwingine. Kulisha, kuogesha na kulaza waachiwe walezi wa kudumu. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi kuzuia madhara ya kujitolea kwa namna hii.

MamaLeeds: Basi asiende kabisa?

Mlezi: Aende, ila asaidie wafanyakazi: kuingiza hesabu za mapato na matumizi kwenye kompyuta, kupanga mafaili yasiyo ya siri, kuwafundisha walezi Kiingereza wakitaka. Pesa ya wakala ingelipa sare, daftari na bima ya mtoto anayerudi kwa bibi yake, kupitia ofisi ya ustawi. Na picha za nyuso za watoto asizipandishe mtandaoni, hata meneja akiruhusu.