Mjadala: Shule ikijengwa karibu na baa iliyotangulia, baa inyimwe leseni?

Mwanzisha mada
Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inaizuia kamati ya leseni kutoa leseni mpya ya baa ikiwa jengo halijafika mita 300 kutoka chekechea, shule ya msingi, sekondari au taasisi yoyote ya wanafunzi walio chini ya miaka 18. Katazo hilo ni la leseni mpya. Anayekuja kuhuisha leseni ana kifungu chake, na kinachoangaliwa humo ni mwenendo wake, jinsi anavyoendesha biashara na hali ya jengo. Basi mtu akiwa na baa, kisha jirani akageuza ploti kuwa akademia, kwa nini afunge yeye? Anayepinga alete hoja.

Mama Kayole
Ninapinga. Leseni hudumu miezi 12, haijawahi kuwa hatimiliki. Mtoto wa PP1, darasa la chekechea, hana habari ni nani alitangulia.

Saa za Kazi
Mama, sheria hiyohiyo inairuhusu baa kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi na sikukuu. Mwisho saa tano usiku. Ikifuata saa hizo, watoto wadogo wako nyumbani. Baa inayouza asubuhi inyang'anywe leseni kwa kosa hilo, si kwa umbali.

Mama Kayole
Na wa sekondari wanaotoka preps, masomo ya jioni, saa moja? Na kreti zinazoshushwa saa nne asubuhi mbele ya lango? Saa za kufungua hazizuii lori.

Kamati Ndogo
Mnabishana kuhusu mita 300 na hamjasema zinapimwa vipi. Hapo ndipo maombi mengi yanapokwama. Ukipima mstari mnyoofu kwenye ramani ya simu unaweza kupata 260. Ukitembea kwa miguu kuzunguka reli au mto ukapata 450. Tena, unaanzia mlangoni kwa baa au kwenye ua wa ploti? Unaishia langoni kwa shule au kwenye uzio? Kwa uwanja mkubwa wa shule, tofauti hiyo peke yake yaweza kupita mita 100.

Ushauri kwa mwombaji: kabla ya kulipa kodi ya nyumba au kujenga kaunta, mtafute mpima ardhi, apime ua hadi ua kwa mstari mnyoofu (kipimo kikali kuliko vyote), uambatanishe mchoro wake kwenye fomu. Ukipita hapo, hakuna kipimo kingine kitakachokuangusha. Choo cha wanawake na cha wanaume viwe vyumba tofauti na vyenye maji. Afisa wa afya ya umma akikuta choo kimoja kilichogawanywa kwa mbao, ripoti yake haitakusaidia.

Sifa zako mwenyewe pia zinaangaliwa: aliye chini ya miaka 18, mufilisi ambaye hajaondolewa kwenye hali hiyo, au aliyefungwa zaidi ya miezi sita bila nafasi ya kulipa faini, hapewi.

Wakili wa Mashinani
Nyongeza muhimu. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Nairobi ina sheria yake ya 2014, na kaunti nyingine zina zao. Soma ya kwenu kwanza. Na wazazi, kulalamika kwenye grupu la WhatsApp si pingamizi. Orodha ya waombaji hubandikwa hadharani kabla ya kikao. Andikeni barua, mtaje jina la jengo na umbali mliopima, mpeleke kwa katibu wa kamati na nakala kwa mwombaji.

Mwanzisha mada
Hoja ya lori nimeikubali. Kamati iweke sharti la saa za kushusha mzigo ndani ya leseni. Lakini mita 300 ziwafunge wote. Anayetaka kusajili shule apimwe vilevile umbali wake na baa iliyopo, na asipoufikisha akatafute ploti nyingine. Wasilisheni hilo kwa mwakilishi wadi wenu, sheria ya kaunti hubadilishwa na bunge la kaunti.

Mama Kayole
Kwa shule mpya, sawa. Kwa shule ambayo tayari ina watoto 200 madarasani, bado nasema baa ndiyo ihame, ipewe mwaka mmoja wa kujipanga.