Tupeane uzoefu: Unajuaje bia ya nyumbani iko tayari kutiwa kwenye chupa?

kimea_na_maji: Wakuu, huu ni uzi wa wanaopika bia ya shayiri kwenye ndoo ya lita 20. Unaamuaje kwamba leo ni siku ya chupa? Leteni namba na sababu. Naanza: napima kwa haidromita (kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000; sukari ikiliwa namba inashuka) siku ya 10, tena siku ya 13. Bia iliyoanza 1.050 kwa hamira ya kawaida ya ale (bia inayochacha kwenye joto la kawaida) huishia 1.010 hadi 1.014. Vipimo viwili vikilingana hapo, nafunga. Vikilingana kwenye 1.022, sifungi.

Fundi Ndoo: Mapovu ya kwenye kimrija cha kutolea gesi kwenye kifuniko msiyaamini. Kifuniko kisipobana, gesi inapita pembeni na mapovu yanakoma bia ikiwa bado inachacha. Na bia iliyokwisha kuchacha ikipata joto la mchana huachia gesi iliyoyeyuka ndani yake, mapovu yanarudi.

pwani_ale: Soma pia karatasi ya haidromita. Nyingi zimesawazishwa kwa nyuzi 20; bia yako ikiwa nyuzi 30, ongeza 0.002 hadi 0.003 kwenye ulichosoma. Halafu tikisa sampuli itoe gesi kwanza, kwa sababu vipovu vikishika kioo vinakiinua na namba inapanda. Sampuli ukishapima onja, usiirudishe kwenye ndoo.

Gramu kwa Lita: Kwa nini tunang'ang'ania hivyo? Sukari ya kutia gesi ni gramu 6 hadi 7 kwa lita, yaani 120 hadi 140 kwa ndoo nzima. Sasa bia iliyobakiza 0.004 tu ya kushuka bado ina kama gramu 10 za sukari kwa kila lita. Jumlisha: chupa inabeba zaidi ya mara mbili ya inachohitaji. Kioo kinapasuka, na vipande vinaruka usoni. Pimeni sukari kwa mizani, siyo kwa kijiko. Ichemsheni na maji kidogo, itangulie kwenye ndoo safi, bia iifuate taratibu kwa mpira bila kurusha povu. Jazeni pia chupa moja ya plastiki ya soda: ikiwa ngumu kama jiwe, chupa zote ziingie kwenye friji.

kimea_na_maji: @Gramu kwa Lita asante sana mkuu. Na ile ya 1.022?

Fundi Ndoo: Chota mililita 200, tia kijiko cha chai cha hamira kavu, funika bila kubana, weka kwenye nyuzi 25 hadi 28 na uitikise mara kwa mara kwa siku mbili. Ikishuka, uchachaji wa ndoo ulikwama tu: ipashe joto kidogo, inua mashapo polepole bila kuingiza hewa. Isiposhuka, iliyobaki ni sukari ambayo hamira hiyo haiiwezi. Mara nyingi kimea kililowekwa kwenye nyuzi 70 badala ya 65 hadi 67. Wa hamira za saison (aina ya bia ya Ubelgiji) ongezeni wiki kadhaa, baadhi yake hula hata hiyo.

pwani_ale: Namba ikitulia, bado kuna suala la harufu ya siagi, ambayo hamira huitoa ikichacha na baadaye huila yenyewe. Pasha sampuli iliyofunikwa hadi nyuzi 60 kwa nusu saa, ipoe, unuse. Ikinukia siagi, iache juu ya hamira siku mbili tatu zaidi, kwa joto la juu kidogo.

mgeni_wa_mbege: Vipi mbege (pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga) kwenye chupa za bia?

Gramu kwa Lita: Hapana, ndugu. Mbege hunywewa ikiwa bado inachacha. Usiizibe kabisa kwenye kioo.