Nimepelekwa kituo cha ndani, Malindi. Nifanyeje watu wazungumze nami?

Konstebo_wa_Njoro

Hamjambo nyote. Mimi ni konstebo mpya, mwanamke wa miaka 24, nyumbani ni Njoro. Barua iliposema Malindi nilinunua ndara mpya za kwenda ufuoni. Mkuu wa kituo (OCS) alipoziona zikichungulia kwenye begi alicheka mpaka akashika meza. Kituo changu kiko ndani kabisa, upande wa Chakama. Bahari nimeiona mara moja tu, kwenye dirisha la matatu siku niliyokuja.

Tuko askari saba na gari moja, ambalo wiki hii lina mafuta na wiki iliyopita halikuwa nayo. Doria nyingi ni za miguu, watu wawili wawili. Joto nitalizoea. Kinachonishinda ni watu. Juzi tulifuata habari ya mbuzi wanne walioibwa. Nikaingia kwenye boma, nikasalimia, nikapewa kiti na kikombe cha maji, nikauliza nani aliona nini. Kimya. Hata watoto waliacha kucheza. Kigiriama sijui neno. Mwenzangu wa doria anatoka Kitui, yeye ananiambia nisijisumbue, ndivyo walivyo.

Aliyewahi kufanya kazi huku, au anayeishi huku, anisaidie.

BodaYaMarafa

Madam, buti kung'uta kila asubuhi kabla hujatia mguu. Nge. Mengine ngoja wazee waje.

KoploMstaafu

Binti yangu, karibu. Mimi ni mtu wa Shela, Malindi mjini. Nilivaa sare miaka 31, na 12 kati ya hiyo nilikuwa huko huko ndani, baina ya Mto Galana na Adu. Nilistaafu koplo. Waona basi kwamba wakubwa hawakunipenda sana, kwa hiyo maneno yangu yapime mwenyewe.

Hao watu hawakukunyima kitu. Kiti ulipewa, maji ulipewa. Baada ya hapo walikuwa wakingoja uulize mvua imefika wapi, mahindi yameshika au yameungua, mgonjwa wa nyumba ile anaendeleaje. Wewe ukarukia mbuzi. Halafu usiseme boma, hilo ni neno la kwenu. Huku ni mudzi. Asubuhi ukifika sema "Mudzalamukadze?" Utalikosea, watoto watacheka, na hicho kicheko ndicho unachokitafuta.

Tena jua unaingia na nini. Bibi yao Mekatilili wa Menza aliwakataza vijana kwenda kuwapigania Waingereza na watu kulipa kodi ya nyumba, na mwaka 1914 serikali ya mkoloni ikalipua Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, kwa baruti na kuchoma nyumba zao. Waliotumwa kuchoma walikuwa askari. Kaburi la bibi liko Bungale, Magarini. Siku ukipita pale vua kofia. Mimi nilivua, na mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akashuka kunisalimia. Alikuwa amenikwepa miezi minane.

Mwezi wako wa kwanza toka doria bila kesi. Namaanisha hivyo hivyo: pita midzi mitano, kaa, kunywa maji, ondoka. Mkuu wako akiuliza umeleta nini mwambie umeleta majina. Utakapokwenda mara ya pili na mbuzi wameibwa, mtu hatakwambia palepale mbele ya wenzake. Atakufuata njiani kama anayekwenda kukata kuni.

Gari usilitegemee. Mvua ndefu zikishika, Aprili na Mei, njia hizo hugeuka uji na makorongo hujaa maji kwa saa moja tu. Katiba, Ibara ya 49, yataka mshukiwa awe mbele ya hakimu ndani ya saa 24, na mahakama iko Malindi. Nimewahi kutembea na mshukiwa wa wizi wa pikipiki tangu saa tisa usiku, pingu mkononi, mpaka barabara kubwa, tukapanda matatu ya abiria wote wawili. Nauli yake niliitoa mimi. Yeye akaninunulia mahamri. Usiandike hilo kwenye kitabu.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana chuoni hawaifundishi. Usiku huko ndani serikali ni wewe na taa yako. Hospitali imefungwa, chifu amelala, kwa hiyo kila jambo laja kwako: uzazi uliokwama, ndovu waliotoka Tsavo kutafuta maji mtoni wakakanyaga mihogo, mlevi wa mangwe anayedai mkewe ameficha suruali zake. Hapo utajifunza lipi laingia kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na lipi ni la kusikiliza tu.

Jioni moja alikuja mzee kwa miguu, amebeba kigoda na shuka. Nywele zake nyeusi tititi kama za kijana wa miaka 20, ila vinyweleo vya kifuani vyeupe. Nikaelewa kabla hajasema. Alikuwa amejipaka piko, ile ile ya maharusi. Huko ndani mvi zaweza kukuua, mwanangu. Mtoto wa jirani akifa, mzee mwenye nywele nyeupe huitwa mchawi, na wengi wameuawa hivyo.

Nikamuuliza, "Baba, wapiga ripoti ya nini?" Akasema, "Nimekuja kulala." Basi. Nikaandika hivyo kwenye OB: mzee fulani amefika kituoni kulala. Asubuhi nikaulizwa hilo ni kosa la jinai la aina gani. Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na tarehe, saa na jina, na jina la mpwa wake aliyesema matangani kwamba mtoto aliliwa na mzee.

Alilala kwenye benchi la ripoti usiku 19. Alfajiri alifagia uwanja bila kuambiwa. Sisi tulikwenda mudzini kwao mara tatu, na wale wapwa walitukaribisha vizuri kuliko nilivyopata kukaribishwa popote: kuku, uji wa mtama, viti vya plastiki. Mara ya tatu ndipo nilipopelekwa kuoneshwa shamba, ekari kama kumi zinazogusa mto. Hakuna aliyetaja uchawi tena. Walikuwa wakitaka kujua tu kama mzee "atarudi kulima".

Mwisho tulimpeleka Kaya Godoma, kule Ganze, ambako wazee waliokimbia makwao hupokewa. Hakupapenda. Baadaye alikwenda kwa bintiye Gongoni, akafa kwa maradhi yake miaka kama mitatu baadaye, kitandani. Nilikwenda kuzika. Wapwa walikuwapo, wao ndio waliokuwa wakigawa wali.

Lile ni jambo kubwa nililofanya katika miaka 31 na halina namba ya kesi.

MamaKadzo

Mimi niko Langobaya, mkulima. Koplo amesema vizuri lakini amesahau upande wetu, kama kawaida ya askari.

Afande wangu, unajua kwa nini watu wananyamaza? Kuna kituo, sitakitaja, nilikwenda nimepigwa na shemeji yangu, jicho limefungana. Nikaambiwa nilete hela ya mafuta ndipo wamfuate. Nikauliza fomu ya P3, ile daktari anajaza majeraha, nikaambiwa imeisha, lakini kwa kitu kidogo itapatikana. P3 hailipiwi! Nilirudi nyumbani na jicho langu. Mtu akishaenda hivyo mara moja, ukimwuliza habari ya mbuzi atakwambia mbuzi ni nini.

Ila wewe ni mwanamke, na sisi hilo tumelingoja. Usikae kituoni kungoja wanawake waje, hawatakuja kupita mbele ya wanaume sita wenye bunduki. Nenda kwenye maji. Saa kumi na moja asubuhi wote tuko pale na mitungi. (Maji ya Baricho yanapita hapa kwetu kwenye bomba kwenda Malindi mpaka Mombasa, sisi tunayasikia tu yakienda.) Beba mtungi na wewe, mnapika nini huko kambini kama hamchoti maji? Simama foleni. Usiulize kitu.

BodaYaMarafa

Nimerudi, maana hili la Koplo kuandika jambo lisilo kesi limenigusa. Kabla ya 2023 nilibeba abiria wawili watatu kuingia msitu wa Shakahola. Mtu na mkewe, watoto, godoro, sufuria. Nililipwa vizuri. Kitu ambacho sikuwahi kufanya ni kumbeba mtu na godoro akitoka. Sikuwaza. Miili ya waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa, iliyofukuliwa kule, ilipita 400. Saa zingine naamka usiku nahesabu safari.

Madam, mtu wa boda akija akikwambia "nimeona kitu, sijui ni nini", usimfukuze kwa sababu hana kesi.

KoploMstaafu

Pole, kijana wangu. Pole sana.

Na MamaKadzo, nimekubali. Hela ya mafuta nimeiomba na mimi zamani, nisijifanye malaika. Gari limekauka, mkuu ataka mshukiwa, unamgeukia aliyepigwa. Ni aibu na tuliizoea.

Konstebo_wa_Njoro

Asanteni mno. Leo nimechota maji. Wamenicheka kwa namna ninavyoinua mtungi, kisha mmoja akanifunga kata ya kanga kichwani.

Koplo, naomba ushauri wa haraka. Mama mmoja wa pale kwenye maji amenifuata njiani. Binti yake ana miaka 14, mtu mzima jirani yao amemfanyia ubaya. Wazee wa pande zote mbili tayari wamekaa chini ya mti, na mkubwa wangu anasema tuwaachie, ni mambo ya kijiji, tukiingilia hakuna atakayetoa ushahidi. Nifanyeje?

KoploMstaafu

Andika kwenye OB sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ujumbe huu. Mpe mama namba ya OB mkononi, kwenye karatasi. Namba ikishatoka, mkubwa wako hawezi kuirudisha.

Kisha hospitali, leo, si kesho. Asioge. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki huzivundisha na ushahidi wapotea. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zina saa 72 tu tangu tendo. Daktari ajaze fomu ya PRC, ile ya aliyebakwa, na P3, zote bure. Usimhoji mtoto mbele ya babake wala mbele ya wazee. Wewe na mama, basi.

Wazee nawaheshimu. Mipaka, mbuzi, mahari, wameniamulia mengi kuliko mahakama. Hili si lao. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 yasema mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo si chini ya miaka 20. Hakuna kifungu cha mbuzi wawili.

Nakwambia kwa ukali kwa sababu mimi niliwahi kuwaachia wazee jambo kama hili. Binti alikuwa na miaka kama hiyo hiyo. Wazee walikuja kituoni wanne, wametakata, wana fimbo zao, wakasema yamekwisha, familia zimeelewana. Nikaona nafuu, wallahi, niliona nafuu: hakuna safari ya Malindi, hakuna shahidi wa kutafutia nauli. Sikuandika kitu. Miaka kadhaa baadaye niko sokoni Malindi nanunua pweza, msichana mwenye mtoto mgongoni akaniinamia, "Shikamoo afande." Kwa adabu kamili. Nilimjua kwa sauti. Nikaitikia marahaba, na pweza niliwaacha palepale mezani kwa muuzaji.

Jambo jingine: habari za mtoto huyo usizilete tena hapa, hata bila jina. Huko ndani kila mtu amjua kila mtu, na simu zao hupata mtandao kama yako.

MamaKadzo

Afande, nauli ya yule mama kurudi kutoka hospitali ikikosekana, niandikie kando. Tuna chama cha akina mama hapa Langobaya.

Konstebo_wa_Njoro

Nimeelewa, sitaandika zaidi. Niseme tu kwamba nimerudi saa tano usiku, kitabu kimeandikwa, na kesho alfajiri nina safari ya Malindi. Mkubwa wangu hajanisemesha tangu mchana.

KoploMstaafu

Atakusemesha akihitaji mtu wa kushika lindo. Umekula?