Mdogo wangu dereva kashikwa na polisi Lubumbashi, pasipoti wamechukua. Nianzie wapi?

DadaVitenge

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, na mnisamehe kama nitaandika kwa kurukaruka, kichwa hakijatulia.

Mimi ni Mtanzania, naishi hapa Lubumbashi, nauza vitenge. Mdogo wangu ni dereva wa semi, anapakia Dar anapita Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi mpaka Kasumbalesa, kisha anashusha huku. Jana kama saa kumi jioni, akiwa anaingia mjini, pikipiki ilichomoka pembeni ikajibamiza kwenye tela. Mwenye pikipiki amevunjika mguu, yuko hospitali, fahamu anazo na anaongea. Watu walijaa pale, mawe mkononi. Polisi wakaja wakamtoa mdogo wangu katikati ya wale watu, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote, maana bila wao leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Ila tangu hapo yuko mahabusu kwenye kituo kimoja cha hapa mjini. Pasipoti wamechukua, leseni wamechukua, simu wamechukua. Kifaransa hajui hata neno. Leo asubuhi wamemletea karatasi zilizoandikwa Kifaransa wakitaka asaini, akasema kwanza aongee na dada yake. Nilipofika wameniruhusu kumwona kwa dakika chache tu. Nje ya kituo kuna bwana mmoja, sijui ni askari au siyo, ananiambia nilete dola 500 "mambo yaishe leo leo". Tajiri mwenye gari yuko Dar, simu inaita haipokelewi.

Nilipe? Nisubiri? Asaini? Niende wapi kwanza? Mama yetu yuko Mbeya na bado sijamwambia.

Kapiri_Usiku

Pole sana dada. Mimi ni dereva, njia hiyo naijua miaka mingi na mambo haya nimeyaona kwa wenzangu.

Kabla ya yote: je, gari lina kadi ya njano ya COMESA? Ile ndiyo bima ya kuvuka mipaka. Tanzania imo ndani ya mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA, na Congo nayo imo. Ile kadi inabeba madai ya mtu wa tatu, yaani matibabu ya huyo majeruhi na fidia yake, kwa viwango vya sheria ya nchi ajali ilipotokea. Mtafute utingo, hiyo karatasi mara nyingi iko kwenye mfuko wa nyaraka za gari pamoja na za forodha. Piga picha mbele na nyuma. Familia ya majeruhi ikiona kuna bima hai, hasira inapungua sana, kwa sababu wanachoogopa wao ni semi kuondoka na mguu wa mtoto wao kubaki bila mtu wa kuugharamia.

Na huyo utingo asitoke kwenye gari. Alale humo humo. Gari likiachwa peke yake usiku mafuta yanafyonzwa, na sili ya kontena ikikatwa unapata kesi ya pili juu ya hii.

Fungurume88

Dada mimi nitakuambia ukweli kama ulivyo. Toa pesa, mtoe mtu. Hao wanaokuambia sheria hawajalala chini kwenye sakafu ya mahabusu. Ukiweza mpunguze afike dola 300, umtoe usiku huu, kesho yuko Kasumbalesa.

Wakili_Kampemba

Dada, mimi ni wakili hapa Lubumbashi. Naomba usome hili kabla hujatoa hata franga moja.

Ndugu yetu hapo juu anaongea kwa uchungu na namwelewa. Lakini mdogo wako yuko ndani kwa ajali yenye majeruhi, na jambo hilo lina faili. Ukimpa mtu wa nje dola 500, faili halifungwi. Kesho anakuja mwingine, keshokutwa familia ya majeruhi inapeleka mashtaka, na wewe huna karatasi yoyote ya kuonyesha ulilipa nini na kwa nani. Dereva naye akikimbilia mpakani bila pasipoti na bila uamuzi wa mwendesha mashtaka, ajali imegeuka kutoroka. Sheria yetu inayo faini ya maridhiano, tunaiita amende transactionnelle, na ipo pia dhamana. Vyote viwili vinalipwa kwa risiti. Anayekataa kukupa risiti, pesa yake siyo ya serikali.

Sasa haki zake. Ibara ya 18 ya Katiba ya Congo ya 2006 inasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa, tena kwa lugha anayoielewa. Hapa una nguvu kubwa, kwa sababu Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa kwenye ibara ya kwanza ya Katiba hiyo hiyo. Hakuna OPJ (afisa wa polisi anayepeleleza) wa Lubumbashi anayeweza kusema hapati mtu wa kumsomea PV, yaani hizo karatasi za maelezo, kwa Kiswahili. Mwambie mdogo wako maneno haya: "Nisomee kwa Kiswahili, nikikubali kila kilichoandikwa nitasaini." Kama kuna sentensi isiyo yake, aombe irekebishwe. Wakikataa, ana haki ya kutosaini na OPJ ataandika kwamba amekataa. Afanye hivyo kwa adabu, asipandishe sauti. Hiyo PV ndiyo itakayosafiri hadi kwa magistra, yaani mwendesha mashtaka, na magistra atasoma karatasi kabla hajamwona mtu.

Ibara hiyo hiyo inaweka ukomo: kuzuiliwa polisi kusizidi saa 48. Zikiisha, aachiwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya mahakama, maana yake Parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka. Kwa hesabu yako ya saa kumi jana, ukomo ni kesho saa kumi jioni. Andika saa hiyo kwenye daftari. Na ibara ya 19 inampa haki ya kuwa na mtetezi tangu hatua ya polisi, siyo mpaka afike mahakamani kama watu wengi wanavyoambiwa pale mlangoni. Kama huna uwezo wa wakili, kila barreau (chama cha mawakili) ina ofisi ya ushauri wa bure, ya hapa pia. Nenda asubuhi na mapema.

Sasa ubalozi, na hapa ndipo naona watu wanakosea zaidi. Tanzania ina Konseli Kuu (ubalozi mdogo) hapa hapa Lubumbashi. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, ibara ya 36, unasema mgeni akikamatwa na akiomba, mamlaka ziarifu konseli yake bila kuchelewa, na yeye mwenyewe aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki hiyo. Neno lipo hapo: akiomba. Wewe nenda Konseli ukatoe taarifa, ni sawa kabisa, lakini mdogo wako naye atamke mbele ya OPJ: "Naomba konseli ya nchi yangu iarifiwe," na aombe iandikwe kwenye PV.

Na usikubali mtu akuambie hayo ni mambo ya vitabu. Nchi yetu ilishapelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague kwa jambo hili. Ni kesi ya mfanyabiashara wa Guinea, Ahmadou Sadio Diallo, aliyeishi Congo tangu 1964, akakamatwa mwaka 1995 na kufukuzwa nchini Januari 1996. Hukumu ilitoka tarehe 30 Novemba 2010: Congo ilivunja ibara ya 36, kwa kuwa hakukuwa na uthibitisho kwamba aliambiwa haki yake. Upande wetu ulisema balozi wa Guinea alikuwa na habari. Mahakama ikajibu kwamba balozi kusikia kwa njia nyingine hakuifuti wajibu wa polisi. Mwaka 2012 ikaamriwa Congo ilipe fidia ya dola 95,000. Maafisa wenye cheo wanaijua kesi hiyo.

Konseli haitamtoa mahabusu, haitamlipia faini, wala haitakuwa wakili wake. Itamtembelea, itaongea na wakubwa, itasaidia kupata mtetezi. Na mahabusu mwenye afisa wa nchi yake aliyekuja kumuulizia hatendewi sawa na yule ambaye hakuna aliyeuliza jina lake.

MamaKatuba

Yaya, pole. Mi niko mutu wa hapa Lubum, ndugu yangu alifungwaka mu kasho (mahabusu), njo maana nakuambia. Mu kasho chakula habaletee bantu, ni famille njo inaletaka. Peleka bukari (ugali) na sombe (kisamvu) ao lenga-lenga (mchicha), peleka asubui na mangaribi, na mayi ya kunywa. Peleka na mwingi kidogo, juu batu beko wengi mule ndani, akikula peke yake batamuonea. Na blanketi, usiku iko baridi. Dawa kama eko na ugonjwa. Sema na polisi wa mulango muzuri, usimutukane.

Ingine: nenda uone ule mutoto mu opitali. Usiende peke yako, tafuta mama mukubwa ao mupasta aende na weye. Hapa kwetu mutu akigonga mutoto wa bantu na famille yake haikuye hata kusema pole, ile njo inaleta kesi.

DadaVitenge

Nimesoma kila neno, asanteni. Mama Katuba umenitoa machozi. Ila wakili, nikienda hospitali na kulipa kitu, si itakuwa nimekiri kwamba mdogo wangu ana makosa? Tajiri amepokea simu, na hilo ndilo alilonikataza: "usimpe mtu yeyote senti".

Wakili_Kampemba

Kwenda kumpa pole mgonjwa si kukiri kosa. Mama Katuba yuko sahihi na nina kesi nyingi za ajali zilizolainika kwa ziara moja tu ya namna hiyo. Ukichangia dawa, lipa kwenye kaunta ya hospitali, siyo mkononi, chukua risiti, na mwandikiane karatasi fupi: msaada wa kibinadamu, bila kukubali kosa, utahesabiwa ndani ya fidia ya bima kama itatolewa. Wasaini wao na wewe, na shahidi mmoja kila upande.

Kuhusu tajiri: yeye ana wajibu hapa. Mwenye gari anaweza kudaiwa fidia pamoja na dereva. Mwambie atume leo nakala ya mkataba wa ajira, bima na kadi ya gari, na barua yenye mhuri inayosema huyu ni dereva wetu na ana anwani inayojulikana. Barua hiyo itatumika Parquet, kwa sababu swali la kwanza la magistra kwa mgeni ni hili: nikimwachia, atarudi? Wewe una nyumba hapa, una biashara, una karatasi za ukaazi za DGM (uhamiaji). Beba zote. Wewe ndiye anwani yake.

Fungurume88

Sawa wakili, nimekuelewa. Lakini mwambie pia ukweli wa pili: wakimpeleka Parquet siku ya Ijumaa jioni, wikiendi yote yuko ndani.

Wakili_Kampemba

Ni kweli, na ndiyo sababu nasema mtetezi awepo kabla ya saa kumi kesho. Akifika Parquet, magistra anaweza kumwachia kwa masharti au kumpa hati ya kukamatwa ya muda, MAP, ambayo ni ya siku 5. Baada ya hapo lazima jaji aamue. Jaji akikubali azuiliwe, amri ya kwanza ni siku 15, kisha inaongezwa mwezi kwa mwezi, na hapo anakuwa gereza la Kasapa. Kila mara faili linaporudi mbele ya jaji, omba liberté provisoire (kuachiwa kwa muda) upya. Ibara ya 17 ya Katiba imeweka wazi kwamba uhuru ndiyo kanuni, kuzuiliwa ni hali ya pekee.

Kapiri_Usiku

Dada, jambo moja la barabarani. Polisi wa roulage (usalama barabarani) walipofika lazima walichora kroki ya ajali. Wakili aombe nakala. Na mwambie utingo apige picha tela lilipoguswa, kabla mtu hajaosha gari. Kama pikipiki iligonga ubavuni nyuma, basi dereva alikuwa ameshapita, na hilo linaonekana kwenye bati lenyewe.

DadaVitenge

Ndugu zangu, narudi na habari. Wamempeleka Parquet leo kabla ya saa 48 kuisha. PV alisomewa kwa Kiswahili na afisa kijana mwenye heshima sana, wakarekebisha sehemu mbili. Mojawapo ilikuwa imeandikwa "alikuwa anaendesha kasi", maneno ambayo hakusema. Ombi la konseli limeandikwa. Afisa wa Konseli alikuja na kukaa naye. Hospitali nilikwenda na mama mchungaji wa kanisa letu. Mama wa majeruhi alilia, nami nikalia. Tumeandikiana ile karatasi. Yule bwana wa dola 500 sijamwona tena.

Magistra amemwachia kwa masharti: alale kwangu, aripoti mara mbili kwa wiki, pasipoti ibaki kwao mpaka faili liishe. Dhamana nimelipa na risiti ninayo. Sasa tajiri anataka mzigo ushushwe kesho. Je, mdogo wangu anaruhusiwa kuendesha?

Wakili_Kampemba

Hapana. Leseni iko kwenye faili, asiguse usukani. Gari likiachiwa na roulage kwa maandishi, tajiri alete dereva mwingine. Hiyo risiti ya dhamana itunze vizuri sana, mdogo wako akihudhuria kila anapoitwa mpaka mwisho, pesa hiyo unaweza kuidai irudishwe.

Kapiri_Usiku

Nina mwenzangu yuko Kasumbalesa anasubiri mzigo wa kurudi, ana leseni ya semi na karatasi zake ziko safi. Ni kama kilomita 90 tu, akitoka alfajiri yuko kwako asubuhi. Mwambie tajiri anipigie, namba nakutumia pembeni. Na mpigie mama Mbeya sasa, asije akasikia kwa watu wa stendi.