Dadu inayopindishwa kwenye gemu: inambeba mchezaji au inamchezea?

Wakuu, nalileta hili mezani. Kwenye Baldur's Gate 3, gemu ya Larian ya 2023, dadu ya pande 20 ndiyo inayoamua karibu kila kitu: upanga upate au ukose, kufuli lifunguke, mlinzi aumeze uongo wako. Kwenye mipangilio kuna kitu kinaitwa Karmic Dice, na unakikuta tayari kimewashwa. Ukikosa mfululizo, gemu inakusogezea bahati.

Mimi nasema kinaharibu, maana hakikubebi wewe peke yako. Wachezaji waliokipima waliona hata maadui wanasogezewa. Umehangaika kumvika shujaa wako deraya nzito ili asiguswe, halafu adui akikosa mara kadhaa anahurumiwa! Hiyo deraya ya kazi gani?

— Mkuu, binadamu unamjua lakini? Aone asilimia 90 ya kupata halafu akose, ataitukana gemu na walioitengeneza. Fire Emblem, zile gemu za vita vya zamu kwa zamu, walilimaliza hili tangu 2002: zinatolewa namba mbili za bahati, unachukuliwa wastani, ukiwa chini ya asilimia iliyoandikwa pigo linapata. 90 unayoiona ni kama 98, na 30 ya adui inashuka hadi 18 hivi. Watu walicheza miaka wakifurahi.

— Na adui mwenye 90 je, mkuu? Naye ni 98. Mtu aliyezoeshwa hivyo akihamia gemu yenye hesabu ya kweli, akikosa 90 mara mbili anapiga kelele ameibiwa. Namba ikiandikwa kwenye skrini, iwe ndiyo hiyo.

— Naomba niingilie. Dota 2, ile gemu ya timu mbili kupambana mtandaoni, nayo inapinda, ila kwa wazi. Pigo lenye nafasi ya asilimia 25 linaanzia kama 8.5, linapanda kila likikosa, likitoka linarudi chini. Wazoefu wakawa wanapiga kwanza vikripu, wale askari wadogo wanaoendeshwa na gemu yenyewe, ili kulipandisha, ndipo wamgeukie shujaa wa adui. Kwenye mashindano bora hivyo kuliko mtu kushinda kwa kubahatisha mara nne mfululizo.

— Hapo nakubali, kaka, kwa sababu kila aliye uwanjani anaijua kanuni. Ugomvi wangu ni kuwashiwa kitu kama Karmic Dice bila kuulizwa. Wangekiweka pale unapochagua ugumu wa gemu, tena wakaandika kwamba adui naye anafaidi, mada hii nisingeifungua. Kuna aliyeimaliza Baldur's Gate 3 akiwa amekizima? Wenye deraya nzito hasa, semeni mliona tofauti gani.