Dawa yangu ya mwarobaini inachacha siku ya tatu, nifanyeje?

Kijana_Muheza: Wakuu, habari za usiku. Nyuma ya nyumba nina mwarobaini, milonge miwili, mshubiri na mchaichai. Nachemsha majani ya mwarobaini na mlonge, nachuja kwa kitambaa, natia kwenye chupa za maji. Siku ya tatu inatoa povu na kunuka kama togwa. Nataka ikae wiki 2, mkaa unaniishia. Niweke asali? Limau? Naombeni msaada, hata usingizi sipati.

MzeeWaShamba: Acha chupa za plastiki, na majani mabichi usiyachemshe kwa akiba. Mimi naanika kivulini mpaka jani likifinywa livunjike, ndipo nasaga. Masika iliyopita nilifunga kopo la mlonge kabla halijakauka sawasawa, nikakuta ukungu hadi chini. Nilimwaga lote, roho inauma.

Bi_Mchaichai: Mwaka 2020 nyumba nzima tulipiga nyungu, mchaichai na mkaratusi. Mdogo wangu alifunua sufuria kwa pupa, kovu la mvuke analo mkononi mpaka leo.

NesiMstaafu: Kijana, usingizi haupotei kwa sababu ya chupa iliyochacha. Nani anakunywa hiyo dawa, na anaumwa nini?

Kijana_Muheza: Mtu wa nyumbani tu. Ni kwa ajili ya kinga.

NesiMstaafu: Mtu gani? Ana dawa nyingine anazotumia?

Kijana_Muheza: Ni mama, ana miaka 67. Ana sukari tangu 2016. Anatumia vidonge vya kliniki, metformini na glibenklamidi, na kikombe cha dawa yangu asubuhi na jioni. Juzi alfajiri nimemkuta kalowa jasho, kanga imemganda mgongoni, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la mjomba aliyekwisha fariki. Nikampa chai yenye sukari nyingi, akarudi. Lakini wakuu, si ina maana dawa inafanya kazi? Tangu jana nimemkatia kidonge cha jioni. Vidonge vinamchosha, hii ni miti tu.

Mtumishi_wa_Bwana: Umefanya vyema. Mungu aliweka dawa kwenye miti, sisi tunaidharau. Hata dawa mseto ya malaria asili yake ni mmea wa atemisia, na Tu Youyou wa China alipewa Nobel 2015 kwa kazi hiyo.

NesiMstaafu: Kweli kabisa, mtumishi. Ila yeye alikitoa kile kinachoponya, leo kinapimwa kwa miligramu. Kijana anapima kwa konzi. Jani changa na jani pevu havilingani nguvu, wala sufuria ya leo na ya jana. Mwarobaini na mlonge vyote vinaweza kushusha sukari, na glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mama hajala. Alichopata juzi ni sukari kushuka. Simamisha hiyo dawa yako. Vidonge usikate wala kuongeza kwa akili yako, kamuulize daktari.

Mjukuu_wa_Tanga: Hii chai. Mwanzo kinga, mara mama, mara mjomba marehemu. Kesho atatokea mtu na namba ya simu anauza "dawa ya sukari". Baba yangu aliacha vidonge kwa maneno kama haya, tukamzika miezi miwili baadaye. Nasema kwa uchungu, acheni kutunga.

Kijana_Muheza: Pole sana kwa msiba. Siuzi kitu. Nilificha kwa sababu dada zangu wanasoma humu na hawajui yaliyotokea juzi. Kadi yake ya kliniki iko hapa mezani, tarehe ya kurudi imepita wiki 2. Niliona aibu kumpeleka akiwa amechelewa. Nimeazima kipimo kwa jirani, nimemtoboa kidole sasa hivi: 3.6. Hiyo ni mbaya?

NesiMstaafu: Chini ya 4 ni ndogo. Kama anameza vizuri, koroga vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, anywe sasa hivi. Akishindwa kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado chini ya 4 rudia. Ikipanda ale mkate au ugali, halafu mpeleke usiku huu huu. Glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kushuka tena akiwa amelala.

Mjukuu_wa_Tanga: Nifute kauli yangu. Mpeleke, kaka. Tuambie ikipanda.

Kijana_Muheza: 5.2. Anakula mkate, ananiuliza nachati na nani usiku huu. Nimempigia simu wa bajaji.

MzeeWaShamba: Chupa usimwage zote. Beba moja, waione alichokuwa anakunywa.

Kijana_Muheza: Ipo kwenye kikapu pamoja na kadi. Bajaji imefika.